Ushungi kwenye Usaili: Uchambuzi wa Kisa cha Duka la Nguo la Tulsa

Mwezi Juni 2008, msichana wa miaka 17 aitwaye Samantha Elauf aliomba kazi ya kuuza nguo katika duka la Abercrombie Kids lililomo ndani ya jengo la maduka la Woodland Hills, mjini Tulsa, jimbo la Oklahoma. Alisailiwa akiwa amevaa ushungi, akapewa alama zilizotosha kuajiriwa, kisha alama moja ikashushwa baada ya meneja msaidizi kuzungumza na bosi wake, na kazi akaikosa. Miaka saba baadaye, tarehe 1 Juni 2015, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji wanane dhidi ya mmoja kwamba mahakama ya rufaa iliyoipa kampuni ushindi ilikuwa imeisoma sheria vibaya.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha hijabu, na kwa wanasheria ni kisa cha tafsiri ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mimi nakisoma kama kisa cha ofisi. Ndani yake mna kanuni ya mavazi iliyoandikwa kwa neno lisilofafanuliwa, mna mafunzo ya mameneja yaliyofundisha nusu ya somo, na mna wafanyakazi wanne waliojadili kichwa cha mwombaji bila hata mmoja wao kumuuliza mwenyewe. Ukiviondoa vyeo vya Kimarekani, mwenendo huo unaweza kuukuta katika benki, hoteli na shule nyingi za kwetu.

Tuanze na kampuni yenyewe, kwa sababu bila kuijua ni vigumu kuelewa kwa nini kitambaa kimoja kilionekana kuwa tatizo. Abercrombie & Fitch ilianzishwa New York mwaka 1892 ikiuza vifaa vya uwindaji, uvuvi na safari; rais mstaafu Theodore Roosevelt, aliyeteremka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda katika nchi ambayo leo ni Kenya, alikuwa miongoni mwa wateja wake. Kufikia miaka ya 2000 hakuna kilichobaki cha duka hilo ila jina. Chini ya mkurugenzi mtendaji Mike Jeffries, kampuni iligeuka kuwa muuzaji wa suruali za jeans na fulana kwa vijana, na badala ya kutegemea sana matangazo ya magazetini na kwenye televisheni, ilitegemea duka lenyewe liwe tangazo: muziki, manukato, mwanga hafifu na, zaidi ya yote, sura na mavazi ya vijana waliosimama kati ya rafu. Wauzaji wake waliitwa rasmi wanamitindo. Mteja alipowatazama, alitakiwa aone nguo zinavyopaswa kuvaliwa.

Kwa hiyo kulikuwa na hati iliyoitwa Sera ya Mwonekano. Iliwataka wafanyakazi wavae kwa namna inayofanana na nguo zinazouzwa, ilikataza nguo nyeusi, na ilikataza pia kofia kwa maelezo kwamba hazilingani na sura ambayo kampuni ilitaka kuionyesha. Mfanyakazi aliyekiuka sera hiyo aliweza kuadhibiwa, hata kufukuzwa. Hati hiyo haikueleza kofia ni nini. Je, kitambaa kinachofunika nywele kwa sababu ya imani ni kofia? Je, kilemba cha Kalasinga ni kofia? Mwandishi wa sera hakulijibu swali hilo, na inaelekea halikumjia akilini. Aliyeachiwa kulijibu ni kijana wa ngazi ya chini kabisa ya uongozi, saa ya kazi, akiwa na fomu mkononi.

Mtu asije akadhani kwamba hii ilikuwa kampuni isiyojua lolote kuhusu ubaguzi kazini. Mwaka 2004 ilikubali kulipa dola milioni 40 kumaliza shauri lililodai kwamba waombaji na wafanyakazi weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini na wenye asili ya Asia walinyimwa kazi au walisukumwa kwenye kazi za nyuma ya duka ili wasionekane na wateja. Makubaliano hayo yaliilazimisha kampuni kuwa na ofisi ya kusimamia uajiri wa watu wa asili mbalimbali na kuwapa mafunzo mameneja wenye mamlaka ya kuajiri. Yalikuwa bado yanatekelezwa mwaka 2008 Elauf alipoingia dukani. Kwa hiyo mafunzo yalikuwapo, na hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa na mafundisho kwa mtu yeyote anayeandaa mafunzo ya watumishi.

Mameneja wa maduka walielekezwa mambo mawili. Kwanza, wasikisie habari za mwombaji wala wasimuulize dini yake. Pili, ikizuka shaka juu ya Sera ya Mwonekano wakati wa usaili, au mwombaji akiomba aruhusiwe kuvaa tofauti, wawasiliane na idara ya rasilimali watu makao makuu au na mkuu wao wa moja kwa moja, kwa kuwa ruhusa za pekee zilitolewa huko juu. Kila agizo, likitazamwa peke yake, ni la busara. Kumuuliza mwombaji dini yake ni kujitafutia kesi, na kumpa meneja wa duka moja mamlaka ya kutunga kanuni zake ni kukaribisha vurugu. Lakini maagizo haya mawili yakiunganishwa yanazaa jambo ambalo sidhani kama aliyeyaandika alilikusudia: shaka ikizuka, inapanda juu; haishuki kamwe kwa mtu anayehusika. Meneja amefundishwa kumuuliza bosi na kufundishwa kutomuuliza mwombaji. Hakufundishwa kwamba kuna swali la katikati, lililo halali kabisa, ambalo halitaji dini na bado linapata jibu.

Kabla ya usaili, Elauf mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Alikuwa na rafiki aliyefanya kazi katika duka lile lile, akamwomba aulizie kama ushungi wake ungeleta shida. Rafiki akamwendea meneja msaidizi mmoja aliyemfahamu Elauf na aliyejua kwamba huvaa ushungi. Meneja huyo alikuwa amewahi kufanya kazi katika kampuni hiyo pamoja na mtu aliyevaa kofia ndogo ya Kiyahudi, kwa hiyo hakuona tatizo. Alishauri tu kwamba usiwe mweusi, kwa kuwa rangi hiyo ilikatazwa. Elauf akapelekewa jibu, akaridhika.

Hapa tuna ushauri sahihi uliotolewa na mtu sahihi kwa njia isiyo rasmi, na kwa sababu hiyo haukuwa na nguvu yoyote. Haukuandikwa popote. Meneja huyo hakuwa ndiye aliyemsaili Elauf, na uzoefu wake wa miaka ya nyuma, ambao ulikuwa na thamani kuliko ukurasa mzima wa sera, ulibaki kichwani mwake. Sehemu nyingi za kazi huendeshwa hivi: kanuni iko ukutani, utaratibu halisi uko midomoni mwa watu wa zamani, na mgeni akikutana na mtu asiyeujua utaratibu huo, anahukumiwa kwa kanuni ya ukutani.

Siku ya usaili Elauf alivaa jeans, fulana na ushungi mweusi. Aliyemsaili alikuwa meneja msaidizi mwingine, mwanamke aliyekuwa na jukumu la kuajiri. Alitumia mwongozo rasmi uliompa mwombaji alama katika vipengele vitatu, kimojawapo kikiwa mavazi na mtindo. Elauf alipata alama 2 katika kila kipengele, jumla 6, kiwango kilichotosha kuajiriwa. Katika mazungumzo yao dini haikutajwa. Msaili alieleza baadhi ya matakwa ya kampuni kuhusu mwonekano, lakini hakusema neno juu ya kufunika kichwa, wala Elauf hakulianzisha jambo hilo. Kwa nini alianzishe? Yeye alikwisha kuuliza kupitia rafiki yake na kujibiwa kwamba hakuna shida.

Msaili aliyempa alama 6 alikuwa, kwa hukumu yake mwenyewe, ameridhika naye. Kwa kawaida hakuhitaji kibali cha mtu kumwajiri muuzaji. Kilichomsumbua ni kitambaa: je, kinagongana na ile kanuni ya kofia? Akamuuliza meneja wa duka, ambaye hakuwa na jibu. Kisha akamuuliza meneja wa kanda. Msaili alieleza baadaye, chini ya kiapo, kwamba alimwambia meneja huyo kuwa anadhani Elauf ni Mwislamu na kwamba ushungi huo ni wa kidini. Meneja wa kanda alikana kuambiwa jambo la dini. Hawakubishana, hata hivyo, juu ya matokeo: mkuu alisema ushungi unakiuka Sera ya Mwonekano kama ambavyo kingekiuka kitu kingine chochote cha kichwani, cha dini au kisicho cha dini, na akaagiza Elauf asiajiriwe. Alama yake ya mavazi ikashushwa kutoka 2 hadi 1. Jumla ikawa 5, na kwa jumla hiyo hakustahili tena.

Kwangu mimi, kubadilishwa kwa alama ndiko kiini cha kisa chote. Fomu ya usaili hutungwa ili uamuzi uwe na mantiki inayoweza kufuatiliwa: aliyemwona mwombaji ndiye anayempima, na alama zinaeleza alichokiona. Hapa aliyempima alimwona na kumpa 2, aliyeshusha hakuwapo. Fomu iligeuka kutoka chombo cha kufikia uamuzi ikawa karatasi ya kuufunika uamuzi uliokwisha kufanyika kwingine. Kama meneja wa kanda aliamini kwa dhati kwamba sera inakataza ushungi, njia ya uaminifu ilikuwa kuacha alama 6 zisimame na kuandika chini yake: anafaa, ila hatuwezi kumruhusu avae ushungi. Sentensi hiyo ingeonekana mbaya kwa mtu yeyote wa makao makuu aliyeisoma, na pengine mtu angeinua simu. Alama ya 1 haikumshtua mtu.

Elauf alizijua sababu za kukataliwa kwake kwa njia ile ile ya chini chini: rafiki yake wa dukani alimwambia kwamba ni ule ushungi. Kwa hiyo mlolongo mzima wa mawasiliano katika shauri hili, tangu ushauri wa kwanza hadi habari za kukosa kazi, ulipita kwa rafiki yake ambaye hakuwa na cheo cha kusema, ilhali wenye cheo walinyamaza. Angekuwa hana rafiki mahali pale, angekwenda zake akidhani hakuvutia.

Alilalamika, na Tume ya Fursa Sawa za Ajira ya serikali ya Marekani ikaishtaki kampuni mwaka 2009 kwa niaba yake. Mwendo wa mahakamani nitaupitia kwa haraka. Mwaka 2011 mahakama ya shirikisho iliyoko Tulsa iliona kwamba mambo ya msingi hayana ubishi, ikaipa Tume ushindi, na jopo la raia lililoitwa kukadiria fidia likampa Elauf dola 20,000. Kampuni ilijaribu kuonyesha kwamba ushungi mmoja ungeidhuru chapa yake, lakini mahakama hiyo haikuridhika, kwa kuwa ushahidi ulikuwa wa makadirio. Isitoshe, katika miaka iliyofuata usaili ule kampuni yenyewe ilikwisha kuwaruhusu wafanyakazi kadhaa wavae ushungi dukani. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kumi ikapindua hukumu hiyo kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Sababu yake: kabla ya mwajiri kulaumiwa kwa kutomwachia mtu nafasi ya kufuata dini yake, ni lazima mtu huyo awe amemweleza wazi kwamba vazi lake ni la dini na kwamba anahitaji kuruhusiwa. Elauf hakusema, basi hana madai.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mwajiri hawezi kusoma mioyo. Watu huvaa vitambaa kwa sababu za dini, za desturi, za mtindo, za kuficha nywele zisizosukwa asubuhi hiyo. Kumtaka mwajiri abashiri imani ya kila aliyefunika kichwa ni kumtaka afanye kile hasa ambacho mafunzo yalimkataza, yaani kumwangalia mtu na kumdhania. Kampuni ililisisitiza jambo hilo, na nadhani lilikuwa jambo lake la nguvu kuliko yote.

Hoja hiyo iliishiwa pumzi mbele ya Mahakama ya Juu, Februari 2015. Jaji Samuel Alito, ambaye hana sifa ya kuwaonea huruma washtaki wa makampuni, aliuliza mfano ambao yeye mwenyewe alikiri unafanana na mzaha: watu wanne wanakuja kwenye usaili, Kalasinga mwenye kilemba, Myahudi wa madhehebu ya Kihasidi mwenye kofia yake, mwanamke Mwislamu mwenye hijabu, na mtawa wa Kikatoliki mwenye vazi lake, je, ni kweli kwamba kila mmoja anapaswa kutangaza kwamba hakuvaa vile kwa ajili ya mtindo? Aligusia pia lile swali la katikati, kwamba mwajiri anaweza tu kueleza kanuni yake, kwa mfano kwamba ndevu haziruhusiwi, na kumuuliza mwombaji kama ana tatizo nayo. Jaji Elena Kagan alilisema jambo la pili kwa namna ambayo afisa utumishi yeyote angeielewa: kampuni inalalamika kwamba italazimika kufanya mazungumzo yanayotia haya kidogo, lakini njia mbadala inayopendekeza ni kuwadhania watu na kuwanyima kazi ili mazungumzo hayo yasifanyike kabisa.

Hukumu, iliyoandikwa na Jaji Antonin Scalia, ni fupi. Sheria inamkataza mwajiri kumnyima mtu kazi kwa sababu ya dini yake, na dini kwa mujibu wa sheria hiyo inajumuisha matendo ya dini, isipokuwa pale mwajiri anapoonyesha kwamba hawezi kuyapa nafasi bila mzigo usiostahili. Kinachopimwa ni nia iliyomsukuma mwajiri. Kiasi cha anachokijua hakitajwi na sheria. Mwajiri anayemkataa mtu ili kukwepa kumpa nafasi ya kufuata dini yake amevunja sheria, hata kama alichokuwa nacho ni hisia isiyothibitishwa. Mwajiri mwingine anaweza kujua kwa yakini kabisa na bado asiwe na hatia, iwapo jambo hilo halikuwa sababu ya uamuzi wake. Juu ya hoja kwamba sera ilikataza kila kitu cha kichwani bila kubagua, jibu la Scalia lilikuwa kwamba kwa habari ya dini sheria hii haitosheki na usawa wa juu juu. Inazipa desturi za dini upendeleo, na kanuni isiyobagua inapaswa kupisha.

Jaji Alito alikubaliana na matokeo lakini akataka ielezwe kwamba mwajiri lazima awe anajua, akiongeza kuwa hapa ulikuwapo ushahidi wa kutosha kwamba kampuni ilijua. Jaji Clarence Thomas ndiye aliyepinga: kwake, kuwatendea wote sawasawa chini ya kanuni moja hakuwezi kuitwa ubaguzi wa makusudi. Nilipoyasoma maoni yake mara ya kwanza niliyaona makavu; nikiyasoma sasa naona yanaeleza kwa usahihi vile wasimamizi wengi wanavyofikiri. Meneja wa kanda wa Oklahoma bila shaka alijiona mtu wa haki kwa sababu angemkatalia pia kijana aliyevaa kofia ya timu ya besiboli.

Kampuni ilimaliza shauri mwezi Julai 2015 kwa kulipa dola 25,670 za fidia na dola 18,983 za gharama za mahakama. Miezi michache kabla, Jeffries akiwa ameshaondoka, ilikuwa imetangaza kwamba wauzaji hawataitwa tena wanamitindo na kwamba umbo na uzuri wa mwili havitakuwa vigezo vya kuajiri. Sheria nayo iliendelea kusogea: mwaka 2023, katika shauri la mbeba barua aliyekataa kufanya kazi Jumapili, Mahakama hiyo hiyo ilieleza kwamba mzigo usiostahili maana yake ni gharama kubwa kwelikweli kwa biashara, si usumbufu mdogo, na hivyo ikawapunguzia waajiri kisingizio walichokitumia kwa zaidi ya miaka 40.

Ni lazima nitahadharishe hapa, kwa ajili ya wasomaji walio nje, kwamba sheria hii ni ya Marekani tu. Mswahili au Msomali anayeomba kazi Columbus, jiji lililo jirani na makao makuu ya kampuni hiyo na lenye jumuiya kubwa sana ya Wasomali, analindwa nayo. Akihamia Brussels mambo yanabadilika. Tarehe 14 Machi 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la mpokea wageni wa kampuni moja ya ulinzi ya Ubelgiji aliyefukuzwa baada ya kuanza kuvaa ushungi, ilisema kwamba kanuni ya ndani inayokataza alama zote za siasa, falsafa na dini si ubaguzi wa moja kwa moja. Fikra ya Jaji Thomas, iliyoshindwa Washington, iko karibu zaidi na msimamo wa Ulaya. Anayeandika ushauri wa kazi kwa ndugu zetu wa ughaibuni asizichanganye sheria za pande hizo mbili.

Kwa upande wetu, maandishi ya sheria ni mazuri. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema waziwazi kwamba mtu hawezi kunyimwa nafasi katika taasisi au ajira kwa sababu ya imani au dini yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inakataza ubaguzi wa dini katika kifungu cha 7, na kinga hiyo inamhusu hata mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Lakini kifungu hakikai kwenye chumba cha usaili. Kinachokaa pale ni fomu yenye kipengele kama "unadhifu na mwonekano", chenye nafasi ya alama na bila maelezo ya nini kinapimwa, mikononi mwa msaili ambaye pengine mafunzo yake yalikuwa semina ya asubuhi moja yenye chai na maandazi. Kinachokaa pale pia ni adabu yetu, ambayo katika jambo hili inafanya kazi ile ile iliyofanywa na woga wa kesi kule Marekani. Msaili anaona aibu kumgusia dada aliyevaa nikabu, au kaka Mrastafari mwenye nywele ndefu, au mama wa madhehebu yasiyoruhusu suruali katika kazi yenye sare ya suruali. Anamshukuru kwa kufika, anamwambia watampigia, na hawapigi. Mwombaji naye haulizi, kwa sababu kuuliza mambo ya sare kabla ya kupewa kazi kunaonekana kama kujipa makuu.

Baadhi ya waajiri wanadhani dawa ni orodha ndefu zaidi ya makatazo, kama yale mabango ya picha yanayobandikwa kwenye malango ya ofisi za umma yakionyesha nguo zisizotakiwa. Orodha inasaidia kwa vilivyomo ndani yake. Kwa kisichomo, inamwacha mlinzi wa lango au meneja msaidizi palepale alipokuwa: aamue kwa macho, au ampigie mkubwa. Kilichokosekana Tulsa ni sentensi moja ambayo ingeweza kuandikwa kwenye mwongozo wa usaili na kusomwa kwa kila mwombaji, awe na kitambaa kichwani au asiwe nacho, ili pasiwe na anayehisi amelengwa: kazi hii hairuhusu kofia wala kitu kingine cha kufunika kichwa, je, kuna jambo lolote litakalokuzuia kuifuata kanuni hiyo, au ambalo ungependa tulifikirie?

Elauf angejibu. Jibu lingekwenda idara ya rasilimali watu likiwa na jina la swali lake halisi, na mtu mwenye mamlaka ya kutoa ruhusa angelazimika kuitoa au kuikataa kwa maandishi. Siamini kwamba angeruhusiwa moja kwa moja. Meneja wa kanda alikuwa na msimamo wake, na makao makuu yaliipenda sana sura ya maduka yao. Lakini kampuni ingekuwa inajibu swali moja tu, la kama ushungi wa msichana mmoja katika duka la nguo za watoto ungeipunguzia mauzo, na juu ya swali hilo, kama mahakama ya Tulsa ilivyokwisha kuona, haikuwa na ushahidi wa maana wa kuonyesha.